Miti ya Mama Kwenye Shamba la Mjomba

Mimi ni mtu wa kupokea. Kazi yangu ni kusimama mlangoni mwa banda la kufungashia matunda, huku mbele ya Chanika ambako lami imekwisha na nyumba mpya zinaibuka katikati ya mikorosho, na kuhakikisha hakuna kreti la maembe linaloingia ndani kabla sijajua limetoka wapi. Nina simu ya ofisi iliyoning'inia shingoni kwa kamba, nina miwani ya kusomea, na nina mdomo. Msimu wa maembe ukianza, vyote vitatu vinafanya kazi kutwa nzima, na wakulima wanaonijua hunisalimia vizuri kabla ya kushusha mzigo.

Kila kreti lina kikaratasi chenye kimraba cha vidoti vyeusi. Naelekeza simu, simu inalia, na kwenye kioo yanajitokeza yale yote ambayo zamani niligombana na watu ili kuyapata: shamba la nani, maembe yamechumwa lini, dawa gani ilipigwa na imekaa muda gani. Kutoka kwangu kreti linakwenda kwenye meza ya kinamama wanaochambua, maembe yanaoshwa, yanazamishwa kwenye maji ya moto ili mayai ya nzi yafe, yanapozwa, yanapangwa kwenye maboksi, na kila hatua yupo mtu mwenye simu anayepiga alama. Hata yakishaondoka bado tunayaona. Kati ya maboksi tunaweka kidude kidogo cha kiasi cha kiberiti, kinachopima joto na kutuma habari. Siku moja mzigo wa Maskati uliachwa juani pale uwanja wa ndege, na sisi tukiwa Chanika tukaona kwenye kompyuta joto linapanda. Msimamizi wetu akapiga simu, mzigo ukasogezwa kivulini, na mstari kwenye kioo ukaanza kushuka taratibu. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikiutazama ule mstari mpaka chai yangu ikapoa. Nilifurahi, sina haja ya kuficha.

Nasema hivyo kwa kuwa nilikuwepo kabla ya mfumo huu wa simu kuja. Wakati ule maembe yalikuja na fuso, yamechanganywa, ya huyu juu ya yale ya yule, na asili yake tuliijua kwa kukisia. Mkaguzi akipasua embe moja akakuta funza, mzigo wote unarudi. Ukiuliza funza huyo katoka kwa nani, kila mmoja anaapa kwamba kwake nzi hajawahi kutua. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakirushiana maneno juu ya embe lililooza ambalo hakuna mtu duniani angeweza kusema ni la nani. Walioumia zaidi ni wale waliofanya kazi vizuri, maana maembe yao safi yalitupwa pamoja na uchafu wa jirani.

Mfumo ulipoletwa nilidhani ni yaleyale ya semina, mnapewa fulana na soda halafu kimya. Nilipoona unafanya kazi nikaupenda, tena nikaupenda kabisa. Binti zangu nyumbani Tabata wananitania kwamba nauzungumzia kama mtu aliyepata mchumba uzeeni. Wacha waseme. Hawajawahi kusimama kati ya wakulima wawili walioshikana mashati kwa ajili ya embe.

Aliyefanya niupende ni bibi shamba wetu. Ni mdogo wangu sana kiumri, katoka Mbeya, anaendesha pikipiki mwenyewe na mabuti yake ya mvua, na ana subira ambayo mimi sikujaliwa. Ndiye aliyezunguka mashamba yote kuyasajili. Upimaji wake ulikuwa mwepesi mpaka unashangaza: anashika simu mkononi, anatembea mpakani na mwenye shamba, na kila anapokanyaga mstari unajichora kwenye kioo ukimfuata. Zamu ya mjomba wangu, kaka yake mama, ilipofika, nami nilikwenda, kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya mapumziko na nilikuwa na hamu ya kuona. Mjomba alitangulia na panga akifyeka vichaka na kuonyesha, hapa mnyaa wa mpaka, hapa kichuguu, hapa tulizika paka. Walipomaliza mzunguko umbo likajifunga kwenye kioo, limefanana na kandambili iliyolika upande mmoja. Mjomba akaiomba simu, akaisogeza mbali na macho, akaangalia shamba lake lilivyo kutoka juu.

"Kumbe dogo hivi," akasema.

Tulicheka. Bibi shamba akamuuliza shamba ni la nani, akajibu ni lake, na ni kweli. Akaandikwa. Hakuna aliyesema uongo siku ile. Bibi shamba aliuliza habari za shamba, akajibiwa habari za shamba. Habari za miti hakuna aliyeziuliza.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa wasio wa pwani. Kwetu sisi Wazaramo ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na mwembe wake, mnazi wake au mkorosho wake kwenye ardhi ya ndugu, matunda yakawa yake, na akifa wanawe wakarithi, bila mtu yeyote kuona ajabu. Babu yangu mzaa mama alipogawa mali, ardhi aliwapa wanaume, binti yake akampa miembe. Mama akaolewa Mwananyamala, akazalia huko, akafiwa na mume, na sasa anaishi nami Tabata, lakini miembe yake imebaki imesimama kwa kaka yake na kila msimu huenda kuvuna. Pale kijijini hata anayepita na mbuzi wake anajua kwamba miembe miwili ya upande wa bondeni ni ya mama. Haikuwahi kuandikwa popote. Nani angehangaika kuandika jambo ambalo kila mtu analijua?

Mama si mtu wa kuwa na mali yake akaitazama kwa mbali. Alipoambiwa kwamba maembe ya Uarabuni hayatakiwi kuwa na funza, alianza kwenda shambani kila wiki kuokota yaliyodondoka na kuyafukia, maana ndani ya hayo ndimo nzi anamozaliana. Alitundika mitego, zile chupa za plastiki zilizotobolewa zenye dawa ya kuwavuta nzi. Alirudi Tabata jioni mgongo unamuuma, akajilaza kwenye mkeka, na kesho yake akawahadithia wenzake wa maulidi kwamba embe dodo zake zinakwenda kuliwa Maskati. Mtaa mzima ulijua. Mwenye genge alijua, fundi cherehani alijua, na mpangaji wa chumba cha uani, ambaye ni mtu wa Bukoba na hana haja na embe la mtu, naye aliambiwa. Nilimsihi mama apunguze. Akanijibu kwamba kama mie naruhusiwa kujisifia simu isiyo yangu, yeye ataachaje kujisifia embe zake.

Msimu ninaousimulia, maembe ya wana wa mjomba yalitangulia kukomaa. Hao ni binamu zangu wawili, watu wazuri, ila akili zao zilikwisha hama shambani. Upande wa barabarani walikuwa wameanza kukata viwanja na kufyatua tofali, na maembe yaliyoanguka chini ya miti yao yalibaki hapohapo yakinuka. Makreti yao yalikuja kwangu asubuhi, kimraba kikasomeka vizuri, nikayapitisha. Kwenye meza ya ukaguzi mkaguzi akapasua embe, akapasua la pili, akaweka kisu chini. Alikuwa amekuta funza.

Zamani hapo ndipo kelele zingeanza. Safari hii mkaguzi aligusa simu yake, na mara ileile makreti yote yenye namba ya shamba lile yakawa mekundu kwenye vioo vyetu, popote yalipokuwa ndani ya banda, hata lile moja lililokuwa limejificha nyuma ya mlango wa chumba cha baridi. Tukayatoa. Ya wakulima wengine yote yakaendelea na safari, yakapanda ndege siku hiyohiyo, na hakuna aliyemshika mtu shati. Kinamama wa mezani waliendelea na hadithi yao walipoiachia. Nilisimama mlangoni pangu nimejaa sifa, nikimwambia dereva wa gari la baridi kwamba umeona sasa, hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kwenda.

Kisha nikakumbuka namba ile ni ya nani, na ndani ya namba ile yumo nani. Shamba likikutwa na funza linafungiwa lote mpaka msimu mwingine, ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Lakini dodo za mama zilikuwa bado juu mtini, zimeshiba, zimebakiza siku chache zichumwe. Mfumo ulimjua mjomba peke yake. Kwa hesabu yake dodo zile zilikuwa nyekundu kama nyingine.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamweleza polepole, nikimsifia kwanza usafi wake ili nisimshtue.

"Mie embe zangu hazina funza," akasema bila kuacha kukuna.

"Najua, mama. Ila shamba limefungiwa lote."

"Limefungiwa shamba la kaka yangu. Mie sina shamba. Mie nina miti."

"Sasa mfumo haujui kama una miti."

Hapo akaacha kukuna. Akapangusa mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Huo mfumo wako umeshawahi kuniuliza?"

Nikaleta habari za wauza juisi wa Chanika, kwamba wangezichukua zote na hakuna embe ambalo lingepotea. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni nilipotumwa sembe nikarudi na dona. Juisi haikuwa shida yake. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake alimpa miti ile mbele ya watu, na watu wale wote wamekwisha kufa isipokuwa kaka yake. Leo simu inasema hana kitu. Kesho wale vijana watakata viwanja mpaka bondeni, mnunuzi atauliza miti ni ya nani, na wao watamwonyesha hiyohiyo simu.

"Na kaka akiondoka mbele yangu," akasema, "nani atanisemea?"

Usiku ule niliukasirikia mfumo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeusifia kwa kuwa unajua kila embe limetoka wapi, kumbe hata mama yangu mzazi haukumjua. Niliona uchungu wa kweli. Nilimwona mama amelala kwa kunipa mgongo na nikajua hajalala.

Kesho yake nilimvizia bibi shamba kabla hajavua kofia ya pikipiki. Nikamwaga yote pale pale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, samahani," akasema. "Mti wa mtu mmoja unakaaje kwenye shamba la mtu mwingine?"

"Unakaa tu. Kwenu haukai?"

"Kwetu mti ni wa mwenye shamba. Ukihama unauacha."

Tukatazamana, kila mmoja akimshangaa mwenzake. Halafu akaanza kuniuliza maswali mfululizo. Je, na mikorosho? Na kama mwenye mti anaishi mbali? Na akiwa mwanamke? Je, wapo wengi? Nikamwambia ukichimba vizuri utakuta nusu ya bibi zangu wana mti kwa mtu. Nimefanya kazi na wasomi ambao ukiwaonyesha tundu wanakuuliza nani alikutuma kuchungulia. Huyu alitaka kujua tundu lina ukubwa gani. Alikuwa tayari kurudi shamba kwa shamba, na alisema hivyo akiwa anacheka, mabuti yamejaa tope.

Akampigia simu kaka wa kompyuta, yule aliyeutengeneza mfumo, ambaye ofisi yake iko Kinondoni na sisi wa Chanika tunamjua kwa sauti tu. Akaifungulia simu ili nami nisikie.

"Sista, mti mmoja mmoja tunaweza kuuweka, hiyo siyo ishu," kaka akasema. "Unasimama chini yake, simu inachukua mahali ulipo, unaupa namba yake na mwenyewe wake. Utakaguliwa peke yake. Ila shamba limesajiliwa kwa jina la mzee. Lazima aseme yeye, kwa sauti yake, akiwa palepale kwenye mti, kwamba huu si wangu, ni wa fulani. Tunairekodi inakaa humo moja kwa moja. Asiposema, mie siwezi kumkatia mtu shamba lake nikiwa nimekaa huku."

Nilimheshimu kwa hilo. Nisingetaka mfumo ambao mtu wa Kinondoni anaweza kumhamisha mtu wa Chanika kwa kidole. Lakini maana yake ilikuwa kwamba yote yamebaki kwenye mdomo wa mjomba, na mjomba alikuwa na wanawe nyuma yake. Mti wa shangazi ukiwa katikati ya kiwanja ni kero. Mnunuzi anasita, anataka maelezo, anataka mwenye mti alipwe fidia kwanza au anakwenda kutafuta kiwanja kwingine. Mjomba akishasema kwenye simu, hakuna tena wa kujifanya hajui.

Nikadhani kazi iliyobaki ni ndogo, mama akamwombe kaka yake aseme. Mama alikataa katakata.

"Nikamwombe kaka yangu kitu changu?" akasema. "Akikataa, nitamtazamaje tena? Na akikubali, si itakuwa kanipa yeye? Mie kanipa baba."

Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikambembeleza tena. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitesa. Tumbo la bibi yangu lilibakiza watu hao wawili tu. Tangu nipate akili sijawahi kuwasikia wakiulizana hiki cha nani na kile cha nani, na kuanza sasa ingekuwa ni kuambiana kwamba hatuaminiani. Nikaenda kumwambia bibi shamba kwamba jambo limekwama. Yeye hakuona limekwama wapi.

"Mama asiulize," akasema. "Nitauliza mie. Mie si ndugu, mie kazi yangu ni kuuliza. Tena wala si mie, simu ndiyo inayotaka jibu."

Hilo ndilo jambo ninalolistahi kuliko vile vidude vya joto na miraba yote ya vidoti. Katika ukoo wetu hakukuwa na mtu aliyeweza kuuliza swali lile bila kumvunjia mwenzake heshima. Simu haina shangazi wala mjomba. Iliweza.

Tukaenda siku iliyofuata. Mama alijifunga khanga mpya, akachukua jembe lake, na njia nzima akasisitiza kwamba yeye anakwenda kufukia maembe tu, hayo mengine hayamhusu. Mjomba tulimkuta barazani. Nikampa shikamoo, bibi shamba akampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa wote. Mama naye akasema, "Shikamoo, kaka," akaulizwa habari za mgongo, akasema mgongo haujambo. Binamu zangu wakaja kutoka kwenye tofali, mikono ina udongo, wakamwamkia shangazi yao huku wanatazama chini. Habari ya funza ilikuwa imewafika.

Bibi shamba hakuzungusha maneno. Akasema shamba limefungiwa na wote wanajua kwa nini, na kwamba hilo halibadiliki. Kisha akashika simu yake kwa mikono miwili.

"Mzee, mfumo unauliza kama ndani ya shamba hili kuna miti ya mtu mwingine."

Kuku alikuwa anaparura chini ya ngazi na tukawa wote tunamsikia.

"Baba," binamu yangu mkubwa akasema, kwa adabu, "tungekaa sie wenyewe kwanza tukaelewana. Hivi vitu vikishaingia kwenye simu havitokagi."

"Ni kweli, havitoki," bibi shamba akasema.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia binamu yangu na yote yalikuwa yameshafika ulimini. Mama alikuwa ameegemea jembe, anatazama upande wa choo, mbali na kaka yake. Nikauma meno. Lilikuwa swali lao wawili.

Mjomba akavaa viatu vyake, akashuka barazani, akaelekea bondeni. Tukamfuata sote kwa mstari. Alipofika kwenye mwembe wa kwanza akaweka kiganja kwenye gome, akamgeukia bibi shamba.

"Niseme nini?"

"Sema unachokijua tu, mzee."

Akakohoa. Akatoa sauti ile anayotoa akialikwa kuzungumza misibani. "Mwembe huu ni wa dada yangu. Alipewa na baba yetu mbele yetu. Mimi hapa namlindia." Simu ikalia. Akahamia kwenye wa pili, akaweka kiganja, akasema maneno yaleyale, hakupunguza hata moja. Bibi shamba akafunga kibao kidogo cha plastiki kwenye kila mti, akashusha mitego ya mama, akaimwaga kwenye jani la mgomba na kuhesabu nzi. Nzi wa maembe, wale wanaotafutwa, hawakuwemo. Akachuma dodo hapa na pale, akazipasua, nyama ikawa ya njano safi mpaka kwenye kokwa. Tukazila hapohapo, maana huwezi kupasua dodo namna ile ukaitupa.

Kisha akanionyesha kioo. Ndani ya lile umbo jekundu la shamba zilikuwa zimetokea nukta mbili za kijani. Mama akasogea, akaomba nimwonyeshe na yeye.

"Hapo ndipo mie?"

"Ndipo wewe, mama."

Akaangalia kwa muda mrefu. Machozi yalinilenga, nikajifanya nafuta miwani. Dodo za mama zingechumwa, zingepita mlangoni kwangu kwa namba yake mwenyewe, na mwenye genge Tabata angesikia habari zote mpaka achoke. Nilidhani tumemaliza. Bibi shamba alikuwa ameshaanza kukusanya vibao vyake.

Mjomba hakurudi barazani. Alipandisha kilima kuelekea barabarani, kule kwenye tofali, akasimama chini ya mwembe mkubwa ambao binamu zangu waliufanya kivuli cha kukaushia kazi yao. Chini yake maembe yaliyooza yalikuwa yamelaliana na nzi wanavuma. Akaweka kiganja kwenye gome.

"Na huu," akasema.

Binamu yangu mkubwa akacheka kidogo, kwa mshangao. "Baba, huo si wetu? Tunaula tangu tunazaliwa."

"Mnaula," mjomba akasema. "Ni wa shangazi yenu. Baba alimpa mitatu. Alipoolewa nikamwambia huu nitamwangalizia, nikaanza kuuchuma, nikawa nauchuma miaka yote, na hajanidai hata siku moja."

Sikuwahi kulisikia jambo hilo maishani mwangu. Nikamgeukia mama. Alikuwa anajifunga khanga yake upya, taratibu, kana kwamba upepo umeilegeza.

"Ulikuwa na watoto wadogo," akamwambia kaka yake.

Bibi shamba alisubiri, akasubiri tena, kisha akamsogelea mama na kusema kwa sauti ya chini kwamba mti huu una funza, haiwezekani kuufungua. Ukiandikwa wake, utaingia ukiwa mwekundu, na msimu huu hautamletea kitu.

"Uandike," mama akasema. "Uingie hivyohivyo mwekundu."

"Una uhakika, mama?"

"Andika ni wangu, mwanangu. Na hao wajukuu wa kaka waendelee kula."

Bibi shamba akabonyeza. Binamu yangu mdogo, ambaye kutwa nzima hakuwa amesema neno, akaja akalichukua jembe mkononi mwa shangazi yake na kuanza kuchimba shimo la kufukia yaliyooza. Mfumo humtumia ujumbe kila anayesajiliwa, na simu ya mama ikalia ndani ya pochi yake. Hasomi vizuri maandishi madogo, akanipa mimi. Nikasoma kwa sauti: jina lake lote, mpaka la babu, kisha kwamba ana miembe mitatu, miwili imeruhusiwa, mmoja umefungiwa.

"Soma tena," mama akasema. "Kaka yangu hajasikia vizuri."

Mjomba alikuwa amesimama karibu yangu kuliko yeye. Nikasoma tena.